Kavira Wawili Ndani ya Mashine Moja

Vijana wangu, kabla hujamkaribisha mgeni, uliza anaongea lugha gani. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo nililochelewa kulijua, na kuchelewa kwangu kulimaliza betri nyingi za watu.

Kazi ya kompyuta niliiacha kabla mvi hazijaanza. Tangu hapo nimezunguka tu: Kasindi, Bunia, Luofu kwenye viazi, tena Beni, tena barabarani. Miguu yangu haipendi kukaa. Lakini kila nikipita Butembo na kuona kijana amekodolea kioo, anabonyeza mara kumi kitu kisichotaka kufunguka, mkono unaniwasha. Ninataka kumwambia aache kubonyeza, aulize kwanza. Kwa kuwa siwezi kuingia katika kila duka, nimeamua kuandika.

Sisi tulikuwa tunaweka kompyuta ndani ya kompyuta. Wenye shule wanaiita machine virtuelle. Katika atelier yetu, karakana ya kompyuta, tuliiita mgeni, na ile kompyuta ya chuma iliyokaa mezani tuliiita mwenye nyumba. Mgeni hana chuma. Ni programu inayojifanya kompyuta nzima: ina kioo chake ndani ya dirisha, ina disque yake ya kuhifadhia ambayo kwa kweli ni faili moja kubwa tu, na inaamini kabisa kwamba iko peke yake duniani. Ikiharibika unaifuta, na mwenye nyumba hata hakohoi.

Sasa lugha. Ubongo wa kompyuta ni prosesa, na prosesa zina koo. Kompyuta nyingi za mezani ni ukoo wa x86. Simu na vikompyuta vidogo ni ukoo wa ARM. Zipo na koo za zamani ambazo wengi wenu hamjaziona, kama PowerPC. Kila ukoo una lugha yake. Mgeni wa ukoo mmoja na mwenye nyumba anaamka kabla hujamaliza kumenya ndizi, kwa sababu wanaongea moja kwa moja. Mgeni wa ukoo mwingine anahitaji mtafsiri katikati. Kila neno linapita kwa mtafsiri, kwenda na kurudi, na hapo unaweza kumenya ndizi, ukaipika, ukaila.

Aliyenifundisha haya ni Mama Masika, mwenye atelier, mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakusoma kompyuta popote. Alianza na mashine moja ya kupiga barua za watu, akaendelea kwa kufungua na kufunga. Jumapili alikuwa mtafsiri kanisani: mhubiri mgeni anasema Kifaransa, yeye anakigeuza Kinande. Kwa hiyo aliponieleza habari ya prosesa, hakuhangaika.

"Kasereka, ule mugeni iko nasema luga gani?"

"Sijue, Mama."

"Donc unaita mutu mu nyumba, na haujue atakusalimia namna gani?"

Alinisimulia kosa lake la ujana. Siku moja mhubiri kutoka mbali alisema neno asilolisikia vizuri. Aliona aibu kuuliza mbele ya kanisa zima, akabahatisha. Mhubiri alikuwa ameomba radhi kwamba amekuja na maumivu ya mgongo. Mama Masika akatafsiri kwamba amekuja na zawadi mgongoni. Watu walipiga vigelegele, na baada ya ibada wakapanga mstari mbele ya mlango wa mgeni, wengine na vikapu. Tangu siku ile alikuwa na sheria moja: mtafsiri asiposikia anasimama, anauliza, na yule aliyeambiwa anarudisha neno ili wote wajue limefika salama. Aliiita kurudisha: kulisema tena neno lile lile. Hata akikuambia bei ya chumvi kwa simu, lazima urudishe.

Mnauliza kwa nini tulihitaji wageni wa kila ukoo, tena haraka. Ni kwa sababu ya wafanyabiashara wa Butembo. Mnawajua: mtu ambaye jana ulimwona anauza sandali, leo anakupigia simu kutoka China. Mmoja alileta kompyuta ndogo ishirini, nzuri kama sahani mpya, na hakuna programu hata moja ya wateja wake iliyokubali kuingia. Zilikuwa ARM, na programu zilikuwa za x86. Baada ya hasara ile, wenzake walijifunza kutupigia simu kwanza, wakiwa wamesimama dukani.

"Mama Masika, niko ndani ya magasin. Mwenyewe ananiangalia. Nikamate ao niache?"

"Unisomee jina ya prosesa. Kisha unipe dakika makumi mbili."

"Dakika makumi mbili nitafanya nini huku?"

"Omba choo."

"Nilishaomba choo mara mbili, Mama!"

Katika dakika hizo ishirini nilitakiwa kusimamisha mgeni wa ukoo ule, kuweka programu anayoitaka mteja, na kusema ndiyo au hapana. Huwezi kujenga mgeni kuanzia msingi kwa dakika ishirini. Siri ilikuwa hii: kwa kila ukoo tulikuwa na disque mama, mgeni aliyekwisha kupangwa vizuri, asiyeguswa na mtu. Ukihitaji mgeni, unamzalia mama huyo mtoto. Mtoto ni faili jembamba linaloandika mabadiliko tu. Mengine yote anasoma kwa mama. Anazaliwa mara moja, unamtesa unavyotaka, ukimaliza unamtupa, na mama anabaki msafi. Mimi niliwahi kuweka mchezo wa mpira juu ya disque mama ya ARM yenyewe, kwa uvivu wa kuzaa mtoto. Mama Masika hakupiga kelele. Alifuta yote, akanipa siku tatu nijenge upya, na kila aliyeingia alimwambia, "Muache huyu, iko najenga uwanja."

Siku nyingine nilimpa mgeni kumbukumbu yote ya mwenye nyumba, nikidhani nampa nguvu. Mwenye nyumba akakosa hewa. Kila kitu kikasimama, pamoja na mialiko ya harusi ya dada mmoja ambaye alikuwa hajaihifadhi. Yule dada alinitazama, na mpaka leo nikimwona sokoni Beni ninabadilisha njia. Mpe mgeni nusu, au chini ya nusu. Mwenye nyumba naye ana watoto.

Leo mambo yamekuwa mepesi. Mnaandika mstari mmoja, mgeni anashuka kutoka mtandao akiwa amevaa tayari. Vizuri. Lakini huo mstari hauulizi kwa niaba yako ni nani unayemtafuta.

Basi niwaambie habari ya Kavira.

Jumatatu moja asubuhi aliingia mwanaume mrefu mwenye koti la zamani, amebeba mfuko wa maharagwe. Alikuwa Préfet Paluku, mkuu wa shule moja ndogo ya sekondari kule Mangina. Ninasema alikuwa, kwa sababu shule ilifungwa siku watu walipokimbia, na makaratasi yake yote yalipotea. Yeye sasa alifundisha Beni. Aliingiza mkono ndani ya maharagwe, akatoa sweta ya mtoto, akaifungua. Ndani mlikuwa na disque ya kompyuta.

"Machine yenyewe ilibakia Mangina," alisema. "Nilitoa moyo yake tu, disque hii. Benzetu walikimbia na magodoro, mi nilikimbia na hii. Bibi yangu hajanisamehe mpaka leo."

Mashine hiyo ililetwa zamani na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo, ya rangi ya buluu, ya mviringo kama chungu. Mwalimu mmoja aliyepita pale aliiandikia programu ya alama za wanafunzi. Programu ile ilijua kufanya kazi ndani ya mashine ile tu. Ukoo wa PowerPC.

Shida haikuwa ya préfet mwenyewe. Alikuwa na mwanafunzi wake wa zamani, Kavira Muhindo, msichana anayeishi kwa shangazi yake katika commune ya Ruwenzori, pale Beni. Miaka yote tangu kukimbia alikuwa akiuza makala, makaa ya kupikia, akitaka kuwa muuguzi. Sasa shule moja ya uuguzi ilikuwa imemkubali kuweka jina, kwa sharti alete bulletin zake, karatasi za alama, za mwaka wa tano na wa sita kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Mwenye alama sitini na tano kwa mia anaingia bila mtihani. Mwenye chini ya hapo anafanya mtihani Jumatatu. Asiye na bulletin anarudi nyumbani.

"Amerudishwa mara mbili tayari," préfet alisema. "Wakimurudisha mara ya tatu, hatajaribu tena. Ninamujua. Ataendelea na makala."

Aliniachia disque, akapanda gari ya Beni kwa sababu alikuwa na masomo kesho yake. Fomu tupu za bulletin na cachet, muhuri wa shule, alikuwa amepewa upya baada ya kukimbia, ziko nyumbani kwake. Tulikubaliana nimpe alama kwa simu, yeye aandike, apige cachet, asaini.

Jambo la kwanza: disque ya mtu usifanyie kazi juu yake. Nakili kwanza, kisha ile ya kweli uirudishe ndani ya sweta yake. Kunakili kulichukua mpaka Jumanne mchana. Disque iligonga-gonga ndani kama mtu anayetafuta njia gizani. Mama Masika aliweka kiganja mezani karibu nayo.

"Pole pole, papa," aliiambia. "Hakuna mwenye anakufukuza."

Nakala ilipokamilika, mimi nilitaka njia ya mkato. Kwa nini nisimamishe mgeni mzito wa PowerPC, na faili la alama liko hapa? Nikalifungua moja kwa moja katika mashine yetu. Majina yalisomeka. Nikafurahi. Kisha nikaona alama: mwanafunzi mmoja alikuwa amepata elfu nne mia tatu hamsini na mbili, juu ya ishirini.

Mama Masika alichungulia. "Huyu alisoma wapi, mbinguni?"

Ukoo ule wa zamani huandika namba kuanzia kichwani, na wetu huzisoma kuanzia mkiani. Kumi na saba ya Mangina, ikisomwa kinyume, ndiyo hiyo elfu nne na kitu. Kugeuza namba ningeweza, lakini hata nikigeuza, ni programu yenyewe tu iliyojua namba ipi ni ya somo lipi na mwaka upi. Hapakuwa na njia ya mkato. Mgeni alitakiwa aje mwenyewe, na mtafsiri wake.

Nilimpangia mashine ya kizamani: prosesa moja, kumbukumbu kidogo kama aliyokuwa nayo kwao. Mgeni mzee ukimpa vingi anachanganyikiwa. Mfumo wake ulikuwa ndani ya disque ile ile, kwa hiyo sikuhitaji kitu kingine. Nikazaa mtoto juu ya nakala, nikamwasha. Zilipita dakika ishirini na kitu za kioo cha kijivu. Kisha, pole pole, kutoka juu kwenda chini, ikajitokeza picha waliyoiweka mbele: wanafunzi wa mwaka wa sita uani mwa shule, mashati meupe, wengine wanacheka, mmoja amefumba macho. Mama Masika alivua miwani akaisugua na kitenge, akaivaa tena, akahesabu wasichana kwa kidole.

Hapo ndipo nilipokosea.

Mgeni yule alikuwa mzito mno. Ukibonyeza kitu, unasubiri. Kusogeza orodha kwenda kulia kuona safu nyingine kulichukua muda mrefu kiasi cha kukufanya usahau ulichotaka. Jua lilikuwa dogo siku zile, betri za sola ya paani zilikuwa nusu. Nikatafuta Kavira Muhindo, mwaka wa sita. Akatokea Kavira Muhindo, mwaka wa sita. Nikasema ndiye. Jumatano asubuhi nilimsomea préfet alama zote mbio mbio, yeye akaandika mbio mbio, wote wawili tukawa na furaha. Sabini na moja kwa mia! Bila mtihani! Nikamgandisha mgeni kama alivyo, yaani nikahifadhi hali yake nzima, kila kitu kilichokuwa wazi, ili nikimhitaji asianze tena safari ya dakika ishirini. Hiyo ndiyo akili pekee niliyoitumia siku ile.

Alhamisi ilikuwa ville morte Butembo. Mji umekufa kwa mgomo: maduka yamefungwa, pikipiki zimelala, vijana wako kwenye barabara kuangalia nani amevunja neno. Mimi nilikuwa nimeingia atelier kwa mlango wa nyuma kuchaji simu. Ikalia.

"Papa Kasereka? Ni Kavira, wa Mangina."

"Kavira! Umefurahi, hein? Sabini na moja!"

"Papa, ile si yangu."

"Si yako namna gani?"

"Mathématiques kumi na saba. Mi? Mwalimu yetu angesikia, angecheka mpaka kulia. Ile ni ya Jeannette."

"Jeannette nani?"

"Kavira Muhindo Jeannette. Mi ni Kavira Muhindo Espérance. Tulikaa banc moja miaka mbili. Mi nilikuwa na-copier kwake, mais hapana kufika kumi na saba."

Vijana wangu, mimi ni Munande. Ninajua kwamba kwetu mtoto anazaliwa na jina lake limeshamsubiri: Masika binti wa kwanza, Paluku mvulana wa kwanza, Kambale wa pili. Darasani kwetu tulikuwa Kasereka sita, mwalimu alituita kwa kiatu: Kasereka wa sandali, Kasereka wa buti. Mtu wa mbali angeweza kuona jina moja akasema huyu ni mtu mmoja. Mimi sikuwa na ruhusa hiyo. Prénom, jina la ubatizo, ilikuwa pale pale, safu moja kulia, na mimi nilikuwa mvivu wa kuisubiri.

Nilifanya na kitu kingine ambacho sikijivunii. Nilisema, "Kavira, na ile karatasi haufanye mtihani. Préfet alishapiga cachet. Umefikiri?"

"Nilifikiri sana, Papa. Shangazi alisema nikamate, ni Mungu ametoa. Mais Jeannette naye akikuja siku moja kuomba yake, mutamupa ya nani?"

Nikamwambia asubiri karibu na préfet.

Mama Masika alikuwa jikoni kwake, nyuma ya atelier. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Préfet alikurudishia?"

"Hapana, Mama."

"We ulimuomba arudishe?"

"Hapana."

Alikwenda kuangalia betri. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji tangu alfajiri, na taa ya kipimo ilikuwa nyekundu. Groupe, jenereta yetu, ilikuwa uani, mafuta yalikuwemo, lakini siku ya ville morte huwezi kuwasha groupe. Mlio wake ni kama kupiga kengele: hapa wanafanya kazi, njooni mtuvunjie mlango. Tulikuwa na kile kilichobaki kwenye betri, hakuna zaidi. Tukazima taa, tukachomoa simu, radio, hata ile saa ya ukutani ya umeme ambayo haili chochote. Nikamwamsha mgeni.

Kama nisingemgandisha, hadithi ingeishia hapa. Kuanza upya kungekula betri yote kabla ya picha ya wanafunzi kuonekana. Alifunguka kwa dakika moja, pale pale nilipomwachia, juu ya jina la Jeannette. Nikabonyeza kwenda kulia. Nikasubiri. Safu ya prénom ikaja. Nikashuka mstari mmoja. Espérance alikuwa chini yake tu, kama walivyokaa bencini.

Nikampigia Préfet Paluku. "Monsieur le préfet, safari hii mi nasema, we unarudisha."

"Sema."

"Français, kumi na mbili."

"Français, kumi na mbili."

"Biologie, kumi na tano."

"Biologie, kumi na tano. Huyu alipenda biologie."

"Mathématiques, sita."

"Sita," akarudisha, na nikasikia Kavira anacheka pembeni yake. "Njo yeye, ndiye."

Tulikuwa katikati ya mwaka wa tano, mtu akagonga bati la mlango wa mbele. Nikafunika simu kwa kiganja.

"Nani iko ndani?" Sauti ya kijana.

"Ni mi, Mama Masika."

"Mama, leo ni ville morte."

"Ninajua. Niko napika."

"Unapika ndani ya atelier?"

"Jiko inatoa moshi mingi kule. Na njala haifanyake ville morte, mutoto wangu. Unataka kuingia ukule?"

Wakacheka huko nje. "Hapana, Mama. Tuko na njala, mais tuko na haraka." Nyayo zikaondoka. Mama Masika akanionyesha kioo kwa kidevu: endelea.

Nikaendelea. Kila namba ilikwenda Beni na kurudi. Kifaa cha betri kilianza kulia, pii, pii, nami nilitaka kukimbia, na kila nikikimbia Mama Masika alinigusa bega. Tulimaliza somo la mwisho la mwaka wa tano, préfet akarudisha, nikasema ndiyo. Nilikuwa ninanyosha mkono kumgandisha mgeni tena, kioo kikawa cheusi. Tukakaa katika giza lile la mchana, watu wawili wazima, tunapumua kama waliopandisha mlima.

Hamsini na tano mwaka wa tano. Hamsini na saba mwaka wa sita. Hizo ndizo zilikuwa za Espérance. Préfet alipasua bulletin ya kwanza mbele yake, akaandika ya kweli, akapiga cachet. Kisha, bila mtu kumwomba, alichukua fomu nyingine akaandika ya Jeannette kwa zile alama za Jumatano, akaiweka ndani ya Biblia yake, kwa sababu Espérance alijua mahali alipo mwenzake, na angemtumia habari.

Ijumaa Kavira alifika shuleni saa tatu asubuhi. Katibu alitazama karatasi, akasema, "Hamsini na saba. Donc mtihani Jumatatu." Kavira akasema ndiyo. Nilijulishwa hayo na préfet, na tangu hapo wiki nzima sikuwa mtu wa maana. Nilikuwa nikijua kwamba, kwa mdomo wangu, nilimfungulia mlango mpana, na yeye mwenyewe akaufunga, akaenda kusimama mbele ya ule mwembamba. Kama angeshindwa, ningesema nini? Kwamba angalau alama zilikuwa za kweli? Ni rahisi kusema hivyo ukiwa si wewe unayeuza makala.

Nilikuwa ninapanga waya siku simu ilipolia. Nyuma yake nilisikia wasichana wengi, kama soko.

"Papa Kasereka, babandika liste ya wenye walikubaliwa."

"Na wewe?"

"Niliangalia kuanzia juu. Hapana. Niliangalia katikati. Hapana. Nilianza kutoka."

"Kavira, sema."

"Rafiki akaniita. Jina yangu iko chini kabisa, Papa. Ya mwisho ya liste yote."

"Na chini ya jina yako kuna nini?"

"Hakuna kitu. Kuna mustari. Na chini ya mustari kuna signature ya directeur."

"Kwa hiyo uko juu ya mustari."

Nadhani alikuwa anarudi kuangalia. Wasichana walikuwa wanasukumana, mmoja anamwambia atoke mbele.

"Niko juu ya mustari," akarudisha.